Mitambo Iliyovuta Mashua Milimani

Wahenga walisema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Maana yake, mzigo hutafutiwa mchukuzi auwezaye. Anunuaye lori la kuvuta tela hutazama kwanza nguvu ya injini. Hakosei, lakini nguvu peke yake haitoshi. Na tuikumbuke, wasikilizaji wetu, safari moja ya mwaka 1915.

Wakati wa Vita Kuu, meli za Wajerumani zilitawala Ziwa Tanganyika. Waingereza wakaazimu kuleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja yapata futi 40 kwa urefu. Zilitoka London kwa meli hata Cape Town, kisha kwa gari la moshi hata Fungurume katika Kongo. Hapo reli ilikoma. Mbele palikuwa na mwendo wa maili 150 hivi, kuvuka milima ya Mitumba hata Sankisia, ilikoanza reli nyingine.

Mashua zilipandishwa juu ya matela, zikavutwa na mitambo miwili ya mvuke yenye magurudumu ya chuma. Nguvu ilikuwapo, njia haikuwapo. Watu walikata miti, wakajenga madaraja zaidi ya mia ili kuchukua uzito ule. Kwenye miinuko mikali walifunga kamba na kapi mitini, maksai wakasaidia kuvuta. Tena mitambo hunywa maji mengi, na ulikuwa wakati wa kiangazi. Wanawake wa vijijini wakayachukua maji kwa vyombo vyao.

Mashua zilifika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Vitabu humsifu jemadari wao, Spicer-Simson. Sisi twawakumbuka pia waliotengeneza njia na waliochota maji, kwa kuwa pasipo wao mitambo isingalipanda mlima.

Basi achaguaye lori na aulize: Tela lina uzito gani? Njia ni mchanga, tope au mawe? Breki zaweza kuzuia tela lisilisukume lori mteremkoni? Mipira je, yatosha kwa uzito huo, na imejazwa upepo ipasavyo? Mpira mpana hutandaza uzito, usizame upesi kama gurudumu jembamba la chuma. Asiyeuliza mapema atajibiwa na mlima.