Nchi Isiyo na Pwani: Habari za Sudan ya Kusini

Mtu akisimama kando ya njia kuu pale Malaba ataona malori yakingojea zamu yao kuvuka mpaka, wala si yote yanayoishia Uganda. Mengine yatapita Gulu, yatavuka Nimule, na baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500 tangu Mombasa yatafika Juba, mji mkuu wa Sudan ya Kusini. Unga, saruji, mabati, sabuni, vyote hivyo hupita katika nchi ya watu wengine kabla ya kufika. Basi kijana atakaye kufanya biashara huko, na wengi hutaka, yampasa kwanza ajue habari za nchi yenyewe, maana bei ya mfuko mmoja wa saruji mjini Juba ina historia ndefu ndani yake.

Nchi hii ni kubwa kuliko Kenya, imepakana na nchi sita, wala haigusi bahari popote. Mto inao, tena mkubwa, nao ni Naili Nyeupe. Lakini mto huo waelekea kaskazini, na katikati ya nchi watawanyika katika kinamasi kiitwacho Sudd, neno la Kiarabu lenye maana ya kizuizi. Mafunjo na matete huelea juu ya maji hata yakaziba njia ya vyombo. Majeshi ya Muhammad Ali, mtawala wa Misri, yaliingia Sudan mwaka 1820, lakini ilimbidi angoje hata mwaka 1841 ndipo nahodha wake Salim alipofika Gondokoro, karibu na mahali ilipo Juba leo.

Mlango ulipokwisha kufunguliwa, wafanyabiashara wa Khartoum hawakukawia kuingia. Walitaka pembe za ndovu. Wakajenga maboma ya miiba yaliyoitwa zariba, wakanyang'anya ng'ombe, wakawateka watu. Na ndovu walipopungua, watu wenyewe wakawa bidhaa. Nayataja haya kwa makusudi. Mgeni ajaye na mizani yake asishangae akitazamwa kwa shaka, kwani mababu wa watu wale waliwajua wageni wenye mizani.

Waingereza waliitawala Sudan pamoja na Misri tangu mwaka 1899. Kwa sheria ya mwaka 1922 waliifunga sehemu ya kusini, watu wa nje wasiingie kufanya biashara bila ruhusa. Huenda nia ilikuwa kuilinda, lakini ulinzi usio na shule wala barabara wafanana sana na usahaulifu. Mwezi wa Agosti 1955 askari wa Torit waliasi, na Sudan ilipopata uhuru tarehe 1 Januari 1956 vita vilikuwa vimekwisha kuota mizizi. Vilitulia mwaka 1972 kwa mapatano ya Addis Ababa, vikazuka tena mwaka 1983.

Kati ya amani hiyo na vita hivyo yalitokea mambo mawili ya mwaka mmoja, nayo yafaa kutazamwa kwa makini. Mwaka 1978 mafuta yaligunduliwa karibu na Bentiu. Mwaka huohuo ulianza kuchimbwa mfereji wa Jonglei, urefu wake kilomita 360, ili maji yaizunguke Sudd na kwenda kaskazini upesi. Watu wa kusini waliuliza: mafuta ni ya nani, na maji ni ya nani? John Garang, aliyekuja kuwa kiongozi wa wapiganaji, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari juu ya Jonglei hiyohiyo. Kazi ilisimamishwa na vita zikiwa zimechimbwa kilomita 260 hivi, na mtambo mkubwa wa kuchimbia ukaachwa palepale upate kutu.

Amani ilipikwa kwetu. Mapatano ya kwanza yalifanyika Machakos mwaka 2002, mengine Naivasha, na mkataba kamili ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, msuluhishi akiwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Mwaka 2011 watu wa kusini walipiga kura, karibu 99 katika kila 100 wakachagua kujitenga, na tarehe 9 Julai nchi mpya ikazaliwa.

Mabenki, wajenzi, wenye hoteli na wachuuzi wa Kenya walimiminika Juba. Lakini takriban asilimia 98 ya mapato ya serikali yalitoka katika mafuta, na mafuta yalisafirishwa kwa bomba lipitalo Sudan hadi Bahari ya Shamu. Khartoum ilidai zaidi ya dola 30 kwa kila pipa. Mwezi wa Januari 2012 Juba ikaamua kuvifunga visima vyake kuliko kulipa, na mafuta hayakutiririka tena hata Aprili 2013. Desemba mwaka huohuo viongozi wakagombana, nchi ikaingia vitani.

Jirani yangu mmoja alikuwa akipeleka unga huko. Hakuibiwa hata mfuko mmoja. Alilipwa kwa paundi, akaziweka akingojea wakati mwema wa kuzibadili. Desemba 2015 serikali iliiacha paundi ipate bei yake yenyewe. Dola moja, ambayo kwa bei ya serikali ilikuwa karibu paundi 3, ikawa zaidi ya paundi 18. Fedha zake hakuna aliyezigusa, ila hazikuweza tena kununua unga aliouuza.

Mwaka 2016 Sudan ya Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mapatano ya amani ya mwaka 2018 yalipunguza vita bila kuvimaliza. Mwezi wa Februari 2024 bomba la mafuta liliharibika ndani ya Sudan, nchi iliyokuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe, na kwa muda mrefu hazina ya Juba ikakosa riziki kwa ugomvi usio wake. Mlango mwingine ulikwisha kufikiriwa: mwezi wa Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan ya Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua bandari mpya, pamoja na bomba, reli na barabara za kuelekea bara. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Bomba halijalazwa.