Babeli Ilivyorudi Ninawi

Juzi nikiwa kituoni nasubiri basi, bwana mmoja alisema kwa sauti kubwa kwamba mwenye nguvu hana haja ya jirani mwema. Mwenzake akadakia kuwa manabii wa Biblia walikuwa wakitisha watu tu. Kabla sijajibu basi likafika. Jibu langu nalitoa leo.

Tuitazame Ninawi, mji mkuu wa Waashuri, kandokando ya mto Tigris, mkabala na Mosul katika Iraki ya leo. Karibu mwaka 722 kabla ya Kristo Waashuri waliiteka Samaria na kuwahamisha watu wake. Mwaka 701 mfalme Senakeribu aliingia Yuda na kuuteka mji wa Lakishi. Wala hakuona haya. Aliagiza mateso ya watu wa Lakishi yachongwe kwenye kuta za jumba lake. Mawe hayo yako hadi leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London: kuna mateka wanaochunwa ngozi, na kina mama na watoto wanaoswagwa kwenda uhamishoni.

Mwaka 689 mfalme huyo huyo aliuangamiza mji wa Babeli. Mwaka 681 aliuawa, na Biblia yasema waliomuua ni wanawe wa kuzaa. Mjukuu wake, Ashurbanipali, aliuteka mji wa Thebe huko Misri mwaka 663, kisha akapigana vita na ndugu yake mwenyewe aliyekuwa mfalme wa Babeli. Ukatili uliozoewa nje ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani.

Ndipo nabii Nahumu akaishtaki Ninawi kwa damu iliyoimwaga, akaikumbusha kuwa Thebe nao ulijiona salama. Je, hukumu hiyo ilishuka kutoka mbinguni kama radi? Hapana. Ililetwa na watu wenye majeraha. Mwaka 626 Babeli iliasi. Mwaka 612 Wababeli na Wamedi waliizingira Ninawi, na baada ya miezi mitatu hivi ikaanguka. Hesabu mwenyewe: toka Babeli ilipoangamizwa mpaka iliporudi kulipa, ni miaka 77. Na katika yale mawe ya Lakishi, uso wa Senakeribu ulikwanguliwa zamani zile zile.

La kusikitisha ni kwamba mshindi hakujifunza. Habakuki aliwaonya Wababeli kuwa waliowapora wangeinuka dhidi yao. Hata hivyo, mwaka 586 waliiteketeza Yerusalemu, na mwaka 539 Babeli ikawa mali ya Koreshi wa Uajemi.

Kwa hiyo, bwana yule wa kituoni ajue kuwa manabii hawakuwa wapiga ramli. Walisoma deni lililokuwa likikua. Na deni hulipika mapema. Kitabu cha Yona chasimulia jinsi Ninawi hiyo hiyo ilivyoonywa, mfalme wake akashuka kitini na kuamuru kila mtu auache udhalimu wa mikono yake, na mji ukapona.

Mlango huo ulikuwapo. Waliofuata waliupita wakiwa na mikuki mikononi. Wazee wetu husema malipo ni hapa hapa duniani; mimi naongeza kuwa hata msamaha huombwa hapa hapa, kabla aliyejeruhiwa hajawa na jeshi.