Pikapu ya Marekani: Gari la shamba lililogeuka urithi

Aprili 15, 1925, kampuni ya Ford ilianza kuuza gari ambalo wakulima wengi wa Marekani walikuwa wameshajiundia wenyewe. Ilikuwa Model T ya kawaida, yenye injini ya silinda nne na nguvu za farasi 20, ila nyuma ilifungwa bodi ya chuma ya kubebea mizigo. Bei yake ilikuwa dola 281. Kabla ya hapo, mwenye shamba aliyetaka kupeleka magunia sokoni alinunua gari dogo, akakata sehemu ya nyuma na kupigilia sanduku la mbao. Ford iliiona kazi hiyo ya mafundi wa vijijini, ikaihamishia kiwandani. Katika mwaka wa kwanza iliunda zaidi ya pikapu 33,000.

Magari hayo hayakuundwa ili yatunzwe. Yalibeba mawe, nyasi za ng'ombe na maziwa, yakagongwa, yakanyeshewa, na mwisho yakatupwa pembeni mwa shamba. Karibu miaka 100 baadaye, watu wanayatafuta kwenye vichaka hivyohivyo.

Vita vyabadili mambo

Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya Detroit viliacha kuunda magari ya raia mapema mwaka 1942 na kugeukia zana za jeshi. Wakulima wakabaki na pikapu za miaka ya 1930, wakizitia viraka mpaka vita viishe. Amani iliporudi, wanunuzi walikuwa tayari wanasubiri.

Dodge ilitangulia. Ilichukua muundo wa malori yake ya kijeshi ya aina ya WC, na mwaka 1946 ikatoa Power Wagon, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Injini yake iliweza pia kuendesha mashine nyingine za shambani. Liliendelea kuuzwa Marekani hadi 1968 huku sura yake ikibadilika kidogo sana.

Juni 1947 Chevrolet ilileta familia ya Advance-Design, yenye kebini pana ya kukaa watu watatu. Januari 1948 Ford ikajibu kwa F-Series, kuanzia F-1 ya nusu tani hadi F-8, lori la kazi nzito. Mwaka 1953 F-1 ilibadilishwa jina na kuwa F-100. Ukoo huo haujakatika: tangu 1977, F-Series ndiyo inayoongoza kwa mauzo ya pikapu nchini Marekani.

Umaridadi waingia

Mwaka 1955 Chevrolet iliweka kwenye pikapu zake injini mpya ya V8 ya lita 4.3. Mwaka huohuo ilitoa Cameo Carrier, ambayo mbavu zake za nyuma zilifunikwa kwa faibaglasi zikawa laini na sawa na kebini. Kwa mara ya kwanza kampuni hiyo ilimuuzia mteja pikapu ya kuendea mjini akiwa amevaa vizuri. Bei ilikuwa juu, hivyo mwaka wa kwanza zilitoka takriban 5,200 tu, na 1958 ikaondolewa sokoni. Uchache huo ndio unaozifanya zigombaniwe leo.

Kazi ya kuifufua

Adui mkubwa ni kutu. Katika majimbo ya kaskazini, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula sakafu ya kebini na pembe zake za chini. Ndiyo maana wanunuzi wengi huenda Arizona na New Mexico, ambako hewa kavu imehifadhi bodi za miaka ya 1940 na 1950.

Zaidi ya hapo, magari haya yanamhurumia fundi. Hayana kompyuta. Kabureta, plagi na pampu ya mafuta vinaonekana mara tu boneti inapofunguliwa, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa spana za kawaida. Vipuri vingi vya Ford na Chevrolet bado vinatengenezwa, hata mbao za sakafu ya bodi ya mizigo. Lakini uangalifu unahitajika: Ford F-1 hutumia umeme wa volti 6, na upande chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Anayefunga betri bila kujua hilo anaweza kuharibu vifaa.

Wapo wanaong'oa kila kitu na kuweka injini, breki na gia za kisasa. Kwa gari lililobaki ganda tupu, hilo ni sawa, maana linarudi barabarani. Lakini gari lenye injini yake ya kiwandani na bati lake la namba likivuliwa hivyo, ushahidi wa ujuzi wa watu walioliunda unapotea, wala fedha haiwezi kuurudisha.

Somo hili halina mipaka ya nchi. Kama nyumbani kwenu kuna gari la zamani limefunikwa turubai, usikimbilie kuliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Soma namba ya chesisi, hifadhi kadi yake na kila kipuri kilichotolewa, kisha umtafute fundi mzee aliyewahi kulifungua. Mzee huyo akiondoka na ujuzi wake, kulifufua kutakuwa kugumu maradufu.