Nyumba njema si mlango: Msamiati uliomo katika majumba ya kale ya Lamu

Katika kufundisha ushairi wa kale, nimezoea kuona wanafunzi wakikwama mahali pamoja katika utenzi wa Al-Inkishafi. Ni pale Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapoyataja madaka ya majumba ya Pate, yaliyokuwa yakipangwa sahani na ambayo sasa yamekuwa malazi ya ndege. Ukiuliza daka ni kitu gani, darasa lote kimya. Mjasiri mmoja atakumbuka hatua za ukuaji wa nazi alizokaririshwa shuleni, yaani kidaka, kitale, dafu, koroma hadi nazi, kisha ahitimishe kwamba mshairi anazungumzia minazi. Hapo ubeti mzima umeshapotea.

Mshairi anazungumzia nyumba. Na nyumba za aina hiyo tunazo bado nchini, katika Mji wa Kale wa Lamu, ambao Unesco iliuingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Hoja yangu leo ni kwamba anayebomoa nyumba hizi habomoi mawe na chokaa pekee. Anabomoa pia sehemu ya Kiswahili.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Tumezoea kuifasiri methali hii kwamba kitu kisihukumiwe kwa sura ya nje. Lamu, methali hii ni kweli hata ukiichukua neno kwa neno. Ukiwa kichochoroni, nyumba ya kale ya mawe ni ukuta mtupu, mrefu, wenye matundu machache ya kupitisha hewa. Uzuri wake umewekwa ndani, kwa ajili ya wenye nyumba na wageni wao.

Likizo moja ya Desemba nilikwenda huko na mke wangu, binti yetu na wajukuu wawili. Tulivuka kwa mashua kutoka Mokowe. Hatukuwa na mipango mikubwa: kutembea, kula samaki, kuwapisha punda vichochoroni. Asubuhi ya pili tuliingia katika nyumba moja ya kale ambayo imehifadhiwa kama makumbusho. Mjukuu wangu mdogo akanivuta mkono: “Babu, mbona nyumba hii haina madirisha?” Nikamwambia atazame juu.

Nyumba hizi hupata mwanga wake kutoka kwenye ua ulio wazi juu, uitwao kiwanda. Najua msomaji ameshaanza kuwazia mashine na moshi! Lakini katika Kiamu, penye “nj” ya Kiswahili sanifu aghalabu huwa “nd”. Njia ni ndia, njaa ni ndaa. Kwa hivyo kiwanda si kingine ila kiwanja.

Hebu tuingie kwa utaratibu. Nje ya mlango kuna daka, ukumbi mdogo wenye baraza mbili za mawe, ambapo mwenye nyumba aliketi na wageni wa kupita. Ukivuka mlango unafika tekani, kijia kilichopinda kusudi ili mpita njia asione yaliyomo. Kisha ni kiwanda, na kando yake sabule, chumba cha mgeni wa kulala. Kutoka hapo vinafuatana msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi za chini na juu, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani. Kila hatua sakafu inapanda kidogo, mwanga unapungua na faragha inaongezeka. Hata mgeni asiyeambiwa kitu anajua pa kukomea.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi mita 3 hivi. Binti yangu alidhani ni mtindo tu. Kumbe walioamua ni mikoko! Dari hubebwa na boriti, na boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutiki. Fundi aliupokea mpaka huo akautengenezea uzuri: alizipanga boriti kwa nafasi sawa, akajenga kuta nene kwa mawe ya matumbawe, akazipaka chokaa nyeupe inayouakisi ule mwanga mdogo wa kiwandani.

Kwenye ukuta wa ndani ndipo penye zidaka, yaani vidaka, safu kwa safu, zimenakshiwa kwa plasta ya chokaa. Humo zilipangwa sahani za kaure kutoka Uchina, alama ya utajiri wa biashara ya Bahari ya Hindi. Nikiwa mbele ya zidaka hizo, niliwasimulia wajukuu habari za ndege wa Pate. Mkubwa akauliza, “Sasa wenye sahani walienda wapi?” Hilo ndilo swali la Al-Inkishafi, na mtoto alilifikia bila mhadhara.

Kuna pia nyumba ya kati, chumba kidogo cha nyuma ambamo maiti waliogeshwa. Na juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, daraja linalounganisha nyumba mbili. Kwa wikio, wanawake waliweza kutembeleana bila kushuka njiani. Neno moja tu, lakini limebeba historia nzima ya ujirani, ukoo na stara.

Leo wikio lina maana gani kwa mwenyeji wa nyumba ya matofali ya saruji na mabati? Siwalaumu wanaojenga hivyo. Kukarabati nyumba ya matumbawe ni ghali, na mafundi wa chokaa wanazeeka. Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mikoko ya Lamu nayo iliguswa. Nyumba nyingine zimenunuliwa na wageni, ambao hutengeneza kuta vizuri lakini hawana haja na majina ya vyumba. Jiwe linabaki, neno linaondoka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Idara zetu za Kiswahili ziwatume wanafunzi Lamu, Pate na Siyu wakaketi na mafundi na akina bibi, wayaandike majina haya pamoja na kazi ya kila sehemu, na kamusi zetu ziyapokee.

Na asiyeweza kufika Lamu ana pa kuanzia. Jumamosi moja wapeleke watoto kwa bibi kijijini. Kama nyumba ya msonge bado imesimama, wasimame chini ya paa lake, waulize ipi ni nguzo, upi ni mwamba, lipi ni kombamoyo, zipi ni fito, na vyote hivyo vyaitwaje kwa lugha ya mama. Waende na daftari.