Hitilafu ya Kinga ya Kuzaliwa Nayo

Tangu miaka ya 1980, ukimtajia Mswahili "upungufu wa kinga", mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye UKIMWI. Hana njia nyingine, maana jina lenyewe ndilo hilo: Upungufu wa Kinga Mwilini, likafupishwa kwa silabi za mwanzo za maneno yake makuu. Lilitungwa kwa ustadi, likaenea, na leo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Lakini lipo kundi jingine la maradhi ya kinga lisilo na uhusiano wowote na VVU, ambalo mtu huzaliwa nalo kwa sababu jeni moja mwilini mwake imeandikwa tofauti. Kwa miaka mingi madaktari waliliita kwa lugha za Ulaya jina ambalo tukilifasiri linatoka "upungufu wa kinga wa msingi". Mama anayeambiwa hivyo kliniki, na kipimo cha VVU cha mwanawe kimetoka hasi, anarudi nyumbani na hofu isiyo na mahali pa kushika. Jirani akisikia nusu ya habari, mtaa mzima unashika neno ambalo si la kweli.

Naamini istilahi hiyo tuiache. Unyanyapaa ungetosha kuwa sababu, ila ipo nyingine nzito zaidi: haielezi maradhi yenyewe. Sioni njia nzuri ya kulionyesha hilo kuliko kufuata kazi ya mtafiti aliyetumia maisha yake juu ya maradhi haya, Jean-Laurent Casanova.

Casanova ni Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1963, akawa daktari wa watoto katika hospitali ya Necker, jijini humo humo. Mwaka 1999 yeye na Laurent Abel walianzisha maabara ya kuchunguza jenetiki ya binadamu katika maradhi ya kuambukiza, na mwaka 2008 akafungua tawi lake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Swali lake halijabadilika tangu ujana. Kwa nini kijidudu kilekile kinamuua mtoto mmoja, na wenzake mia walioambukizwa hawapati hata homa?

Swali hilo lina mizizi Afrika. Charles Nicolle, akifanya kazi Tunis mwanzoni mwa karne iliyopita, alitambua kwamba kiumbe anaweza kuambukizwa asionyeshe dalili yoyote. Na mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa Afrika Mashariki: mtu aliyerithi nakala moja tu ya jeni ya selimundu hupata ulinzi dhidi ya malaria. Alichorithi mtu kwa wazazi wake kikawa na kauli juu ya maambukizi. Casanova aliigeuza hoja hiyo upande wa pili, akauliza ni urithi gani unaomwacha mtoto bila ulinzi.

Alianza na chanjo tunayoijua sana, BCG, ile inayotuachia kovu mkononi. Ni chanjo hai: bakteria waliodhoofishwa, ambao mwili wa mtoto mchanga huwamaliza ukajifunza. Lakini kwa nadra mno, mtoto akichanjwa, bakteria hao wapole husambaa kwenye ini, wengu, mifupa na uloto, na mtoto anaweza kufa. Mwaka 1996 kundi la Casanova, na Emmanuelle Jouanguy akiwa mwandishi wa kwanza, lilichapisha kisa cha mtoto mchanga wa Tunisia aliyefariki hivyo. Mwaka huohuo watafiti wa Uingereza walichapisha habari za watoto wa Malta walioshindwa na bakteria wa ukoo huohuo wanaoishi majini na udongoni. Makundi yote mawili yaliishia kwenye jeni moja.

Hapa inafaa tusimame, maana ndipo neno "upungufu" linapoanza kuyumba. Seli mlaji ikimeza bakteria wa kifua kikuu au wa BCG, haimuui papo hapo. Hutoa kwanza ujumbe, protini iitwayo interlukini 12. Seli nyeupe nyingine zikiupokea, hujibu kwa protini ya pili, interferoni gama, ambayo hurudi kwenye seli mlaji na kuiamrisha iue ilichomeza. Amri hiyo hupokewa na kipokezi kilicho juu ya ngozi ya seli. Kwa mtoto yule wa Tunisia, kipokezi ndicho kilichokosekana. Interferoni yenyewe ipo. Kwa watoto wa namna yake hujaa kwenye damu kupita kiasi, kwa sababu hakuna kinachoipokea. Ukimdunga interferoni zaidi humsaidii kitu, na tumaini lake hubaki kwenye upandikizaji wa uloto. Lakini yupo mtoto mwingine mwenye dalili zilezile, ambaye kwake kilichoharibika ni interlukini 12 au kipokezi chake. Huyu ukimpa interferoni gama pamoja na viuavijasumu, anaweza kupona kabisa. Ukiwaita wote wawili "wenye upungufu wa kinga", umewapa jina moja na umeficha jambo linaloamua dawa.

Kisa kingine kinakwenda mbali zaidi. Wapo watoto wanaopata utando mweupe mdomoni, ule wa fangasi, unaorudi kila dawa inapokwisha, mwaka hadi mwaka. Kwetu dalili hiyo humfanya mhudumu afikirie VVU mara moja, na ni sahihi afikirie. Mwaka 2011 Casanova na wenzake walionyesha kwamba katika baadhi ya watoto hao tatizo ni protini iitwayo STAT1, ambayo kazi yake ni kupeleka ujumbe wa interferoni ndani ya kiini cha seli. Protini hiyo haikupungua wala haikukosekana. Inafanya kazi kupita kiasi, na kule kuzidi kwake kunadumaza seli zinazotakiwa kupambana na fangasi. Tutamwita mtoto huyu mwenye upungufu wa nini?

Mengine nayapitia kwa haraka. Mwaka 2006 na 2007 maabara ya Casanova ilionyesha kwamba hitilafu ya jeni moja inaweza kumwacha mtoto wazi kwa virusi vya hepesi kwenye ubongo, huku maradhi mengine yote akiyashinda kama wenzake. Fikra ya zamani ilikuwa kwamba mgonjwa wa kinga lazima aandamwe na kila aina ya vijidudu, na wengi waliichukua kuwa sheria. Casanova aliivunja.

Kisha ikaja UVIKO-19. Yeye na Helen Su wa Marekani waliunganisha hospitali na maabara za nchi nyingi, na mwaka 2020 wakachapisha matokeo mawili kwa pamoja. Miongoni mwa wagonjwa 659 waliozidiwa, 23 walikuwa na hitilafu za kuzaliwa katika mfumo wa interferoni za aina ya kwanza, zile za kupambana na virusi, si ile ya gama. Na miongoni mwa wagonjwa 987 waliozidiwa, 101 walikuwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe. 95 kati ya hao ni wanaume. Kati ya watu 663 walioambukizwa bila kuugua sana, hakupatikana hata mmoja mwenye kingamwili hizo. Hawa 101 wengi wao hawakuzaliwa na tatizo, kwani kingamwili za namna hiyo huongezeka sana mtu akipita miaka 70. Lakini matokeo mwilini ni yaleyale, na yasingetambuliwa kama wale watoto wachache wa nadra wasingekuwa wamechunguzwa kwanza.

Turudi kwenye jina. Istilahi ambayo wanasayansi wanaitumia siku hizi, "inborn errors of immunity", imeazimwa kwa Archibald Garrod, daktari wa London aliyeeleza mwaka 1908 kwamba baadhi ya maradhi ni makosa ya kikemia ambayo mtu huzaliwa nayo. Kamati ya kimataifa ya wataalamu wa kinga imeipokea, na orodha yake ya mwaka 2022 ilitaja hitilafu 485.

Kwa Kiswahili, neno la kwanza kumjia mfasiri ni "kosa". Nalikataa. Kosa kwetu lina mkosaji, na mama atakayesikia "kosa la kuzaliwa" ataanza kuhesabu alichokula na alichofanya akiwa na mimba. "Kasoro" ni laini zaidi, lakini lina upungufu ndani yake: ndilo neno tunalotoa nalo dakika tunaposema saa tatu kasoro robo. Mtoto wa STAT1 angebaki nje tena. "Hitilafu" linatosha. Ni neno la tofauti kabla halijawa neno la ubovu. Watu wakipishana maoni twasema wamehitilafiana, na fundi akikuta mtambo haufanyi kazi inavyotakiwa, uwe umepungukiwa au umezidi nguvu, husema una hitilafu. Jeni iliyoandikwa tofauti, na kinga inayokwenda kombo kwa sababu hiyo: neno moja linabeba yote mawili bila kumlaumu mtu.

Basi napendekeza "hitilafu ya kinga ya kuzaliwa nayo", na kwa wingi "hitilafu za kinga za kuzaliwa nazo". Hilo "nayo" lisiachwe, maana "hitilafu ya kuzaliwa" peke yake inaweza kumpeleka msikilizaji kwenye matatizo ya uzazi. Na popote kipimo kilipofanyika, sehemu ya mwili iliyohusika itajwe: hitilafu ya kipokezi cha interferoni gama, hitilafu ya interlukini 12, hitilafu ya kuzidi kwa STAT1. Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto kama huyo, chini ya jina hilo, ziandikwe kwa wino chanjo hai ambazo hapaswi kupewa, na kaka na dada zake waitwe wapimwe kabla mdogo wao anayefuata hajachanjwa BCG.