Karamu Iliyochorwa Kaburini

Wayunani wa kale walisifiwa sana kwa uchoraji, lakini picha walizozichora katika kuta za majumba yao karibu zote zimepotea. Zilizosalia ni zile za vyombo vya udongo, na chache zilizofichwa makaburini. Twataka kuwaeleza walimu wenzetu kaburi moja la namna hiyo, kwa kuwa desturi iliyochorwa humo si ngeni kabisa kwa mtu wa Ngara au Biharamulo.

Kaburi hilo lilifukuliwa na Mario Napoli tarehe 3 Juni 1968, karibu na Paestum katika Italia ya kusini, mji uliojengwa na Wayunani mnamo mwaka wa 600 kabla ya Kristo. Lilifanyizwa kwa mabamba matano ya mawe ya chokaa, manne ya kando na moja la kifuniko, nayo yote yalichorwa upande wa ndani yapata mwaka wa 475 kabla ya Kristo. Lilipofunikwa, picha zikabaki gizani pamoja na maiti.

Katika mabamba mawili marefu wanaume kumi wamejinyosha vitandani, wamevaa mashada ya majani vichwani. Mmoja anapuliza zumari, mwingine ana kinubi. Wengine wanarusha mashapo ya divai kutoka vikombeni ili kupiga shabaha, mchezo uliopendwa sana karamuni. Wawili wanakumbatiana. Katika bamba moja fupi yuko kijana mtumishi karibu na chungu kikubwa cha kuchanganyia divai na maji, maana kunywa divai tupu kulihesabiwa kuwa desturi ya washenzi.

Hapo hatuwezi kukosa kukumbuka chungu cha pombe ya mtama cha wazee wetu. Mwenyeji alitangulia kuonja, kila mzee akashika mrija wake, na mahali pa kuketi palijulisha heshima ya mtu. Mgeni aliyeona ulevi tu hakuona kitu. Palepale mashauri yalikatwa na posa zikazungumzwa.

Lakini wake wa wanaume wale kumi wako wapi? Wa kike ni mmoja tu, kibinti mpiga zumari atanguliaye kijana na mzee mwenye fimbo. Basi picha hii si maisha ya mji mzima, bali ni saa moja ya wenye nafasi, tena imechaguliwa. Mwalimu awaambiaye watoto, “Hivi ndivyo Wayunani walivyoishi,” amewapotosha. Walukania, waliotwaa mji ule baadaye, walichora mengine katika makaburi yao: wanawake wakimlilia maiti, mwanamke akimpokea askari arudiye vitani.

Kifuniko kina kijana aliyejitupa kutoka juu, angali hewani, na maji yako chini yake. Wengi husema ni mfano wa kuingia mautini. Wengine, ni kijana apigaye mbizi tu. Sisi twaelekea kwa wale wa kwanza, kwa kuwa picha hiyo ilikuwa juu ya uso wa maiti.

Kwetu makaburi hayakuchorwa. Majirani wetu wa Gisaka, ng'ambo ya mto Kagera, walipamba kuta za ndani za nyumba kwa samadi ya ng'ombe na rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, lakini walichora mistari na pembe, si watu. Nani aliketi karibu na chungu, nani alisimama mlangoni, mama wa nyumba alipewa mrija lini: hayo yangali vinywani mwa wazee peke yao.