Kuchuja Yogati Lita 10 kwa Keja: Mwongozo wa Wasee wa Likoni

Kuchuja lita 1 ya yogati ni kazi rahisi: chujio, kitambaa, bakuli, weka kwa friji, lala. Shida inaanza ukifika lita 10. Labda kuna harusi mtaani na wapishi wa biryani wanataka maziwa mazito, ama unasaka hustle yako. Hapo ndo wasee wengi hulala na maziwa fiti na kuamka na ndoo imechacha. Doh imeenda hivyo. Maadui ni wawili: joto na uzito.

Maziwa kwanza

Ukinunua upande wa kisiwani, vuka nayo asubuhi. Foleni ya feri kwa jua la saa nane haina huruma.

Pasha maziwa hadi nyuzi 85, yaani mvuke unatoka na povu dogo linazunguka ukingo wa sufuria. Yashikilie hapo dakika 10. Hata ya pakiti usiruke hii hatua, kwa sababu joto hilo hubadilisha protini na yogati inashika vizuri. Kwa maziwa mabichi ni lazima. Brusela si mchezo.

Pooza hadi nyuzi 45 kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji. Maji ya kisima yenye chumvi yanafaa kwa hii kazi tu. Kuosha vyombo na kitambaa, tumia maji matamu.

Tia yogati ya kuanzishia, isiyo na sukari wala ladha, vijiko 2 vikubwa kwa kila lita. Funika, zungushia blanketi, na usiiguse kwa masaa 6 hadi 8. Ikishika, ipeleke kwa friji masaa machache kabla ya kuchuja. Yogati baridi imekaza, haipenyi kwa kitambaa ovyo.

Kitambaa gani?

Wachana na leso ya mathe. Rangi itaingia kwa chakula. Tafuta merikani, ile pamba isiyotiwa rangi. Jina lenyewe limetoka Marekani, maana wafanyabiashara wa huko ndio walioileta Pwani kwa wingi karne ya 19. Chemsha kitambaa dakika 10 bila sabuni ya manukato, kamua, kisha tumia. Baada ya kazi, suuza na maji baridi kwanza. Ukianza na ya moto, protini ya maziwa inagandia kwa nyuzi.

Gawanya mzigo

Hapa ndo wengi wanachapa. Ukimimina lita 10 kwa mfuko mmoja, yogati ya pembeni inakauka na kuziba kitambaa, ya katikati inabaki majimaji. Gawanya mifuko 4 ya lita 2 na nusu. Kila mmoja uweke kwa chujio juu ya sufuria, nafasi ya maji ikibaki chini. Usikoroge, usikamue. Ukitaka kuongeza uzito juu, ngoja saa 1 maji ya kwanza yatoke.

Masaa 3 unapata yogati nzito ya kawaida. Usiku mzima inapungua karibu nusu, kwa hivyo lita 10 zinakupa kama kilo 5. Masaa 24 inakuwa ya kupaka kwa mkate, ile Waarabu huita labneh.

Stima ikipotea

Usichujie mezani. Kwa joto la Mombasa bakteria hawalali, wanazidi kutengeneza asidi, na ukungu unapata nafasi. Kabla ya kuanza, gandisha chupa kadhaa za maji. Stima ikienda, usifungue friji ovyo. Ikikawia, hamisha mifuko na chupa hizo kwenye kasha la barafu na ufunike. Ukiona ukungu, ama harufu ikigeuka kuwa ya pombe, mwaga yote. Usionje.

Yale maji ya njano

Utabaki na karibu lita 5. Kandia chapati ama mahamri, pikia uji, ama lowekea kuku kabla ya kuchoma. Kwa friji yanakaa siku kadhaa.

Ukitaka kuuza

Kula nyumbani ni kivyako. Kuuza ni biashara nyingine: leseni ya Kenya Dairy Board, alama ya KEBS, na cheti cha afya kwa anayeshika chakula. Tumbo la mteja likiharibika, Likoni nzima itajua kabla ya feri kutia nanga.

Kwa hivyo anza na lita 3. Ona friji yako inabeba kiasi gani, onja, rekebisha masaa. Ikikaa poa mara mbili mfululizo, sasa panda hadi 10.